Wenyewe wa punda

Dieudonnée alishona nguo mjini Kasongo, mashariki mwa Kongo, miaka kumi na minane kabla kanisa lake halijamweka katika kundi la watu wanne waliotafsiri Injili ya Luka kwa Kibangubangu. Alichaguliwa kwa sababu alizaliwa kijijini Wamaza na hakusahau lugha ya mama yake. Asubuhi alitafsiri, mchana alishona.

Kila sura ilipokwisha, alipanda pikipiki hadi Wamaza kuwasomea watu, aone kama wanaelewa. Mmoja wa wasikilizaji alikuwa kaka yake mkubwa, Gédéon. Yeye alikuwa na pikipiki ya kubeba abiria, mpaka watu wenye silaha walipomsimamisha kwenye njia ya Salamabila na kumwambia mkubwa wao anaihitaji. Hakuiona tena. Alirudi shambani, na kanisani akaacha kwenda.

Siku moja Dieudonnée alisoma habari ya wanafunzi waliotumwa kumfungua mwanapunda. Wenyewe wa punda walipouliza, walijibiwa kwamba Bwana anamhitaji. Gédéon akasema, "Ni vile vile waliniambia miye."

Dieudonnée aliporudi Kasongo alimuuliza mchungaji Jean-Marie, aliyesoma Kigiriki, maana ya neno Bwana. Mchungaji akaandika neno moja kwenye karatasi: kurios. Akamweleza kwamba kwa neno hilo huitwa Mungu, huitwa Yesu, na pia huitwa mtu yeyote mwenye mali, kama vile mwenye shamba. Tena mtu husalimiwa nalo kwa heshima, hata asipojulikana. Kisha akamwonyesha kwamba katika sura ile Luka amewaita wale wenyewe wa punda kwa neno lile lile alilomwita Bwana.

Dieudonnée alitaka Kibangubangu nacho kitumie neno moja pande zote mbili, kwa Bwana na kwa wenye punda. Wenzake walikataa, wakisema watu watachanganyikiwa. Walibishana siku mbili. Mwishowe maandishi yalibaki yalivyokuwa, na maelezo yakawekwa chini ya ukurasa. Hakuridhika sana, lakini alikubali.

Mwezi uliofuata alimpelekea Gédéon maelezo hayo, akamkuta anapalilia mihogo. Alimsomea wakiwa wamesimama, na kumweleza kwamba hata wale wenye punda Luka amewapa jina la heshima.

Gédéon alisikiliza mpaka mwisho. "Na ule Bwana, punda alimurudisha?"

"Yaya," akamwita kaka yake mkubwa, "katika Marko wanasema atamurudisha upesi. Kama alimurudisha, hawakuandika."

Dieudonnée angeweza kumwambia ndiyo, alilifikiria hilo. Gédéon aliegemea jembe lake.

"Basi usiongeze kitu," akasema.

Kanisani hajarudi. Lakini sura iliyofuata iliposomwa Wamaza, alikuja na kiti chake, akakaa karibu na mlango, na akamsahihisha dada yake maneno matatu ya Kibangubangu.