Kofia ya Abubakari na Bakuli la Mchuzi

Nakumbuka Alhamisi moja ya sikukuu, mwanangu, wewe uliye na mdogo nyumbani kama mimi, na usinicheke kwamba mzee wako ana miaka kumi na sita na bado anavaa sare ya shule. Uzee si mvi. Ukishakuwa na mdogo nyumbani, umezeeka tayari.

Mama alikuwa mtaa wa Tudor akimuuguza khalati, dada yake, akaniachia nyumba yetu ya mtaa wa Kuze, pamoja na bibi yangu na mdogo wangu Abubakari wa miaka saba. Alasiri hiyo Abubakari angesoma kaswida mbele ya watu, kwenye maulidi ya madrasa yao. Wiki tatu aliisoma mpaka paka wa jirani akaihifadhi.

Asubuhi Bibi aliifua kofia ya Abubakari ya vito, ile ya kudariziwa kwa mkono, akaitia wanga. Sasa, kofia mbichi huvishwa bakuli linalolingana na kichwa, ikauke na umbo lake. Hiyo ni kazi ya Mama. Abubakari aliniletea mimi. Nilikuwa nimelala na simu, nikamwambia nampenda sana, simba wangu, lakini afanye mwenyewe.

Akafanya. Akachukua bakuli la mchuzi, lile la kulishia wageni.

Baada ya adhuhuri kofia ilikuwa imekauka kama mbao. Alipoivaa ikamshukia mpaka puani. Nami, Mungu anisamehe, niliwaita watoto wa mtaa wetu waje waone ndoo inayotembea. Walicheka vizuri sana. Abubakari aliivua, akaingia mvunguni mwa kitanda, akasema haendi popote.

Bibi hakunipigia kelele. Alinitazama tu, akasema, "Mdomo wako umempenda tangu asubuhi. Mikono yako je?"

Niliitupa simu kitandani.

Nililala kifudifudi kando ya kitanda nikamwomba Abubakari anitolee kichwa nikipime kwa uzi. Alikataa, kisha akakitoa nusu. Mwanangu, nilikuwa sijawahi kukishika kichwa kile ila kwa kukipiga kofi. Ni kidogo mno. Nikailoweka kofia, nikajaribu mabakuli yote ya jikoni, mwisho kopo la maziwa ya unga likalingana sawasawa. Nikasimama nalo juani, nikiligeuza kama muuza mishikaki, na watoto wale wale wakinicheka mimi.

Alasiri ilifika kofia ikiwa na unyevu kisogoni. "Itanishuka?" akaniuliza. Nikamwambia atikise kichwa. Akatikisa mpaka akapata kizunguzungu. Haikushuka. Tukaenda. Katikati ya kaswida, ubeti wa pili aliusahau, akanitafuta kwa macho, akaukumbuka.

Hakunishukuru. Ila asubuhi ya pili alinitupia kiatu cha shule miguuni: "Kaka, kamba imekatika." Sijapata kupewa heshima kubwa kuliko ile.

Basi nisikilize. Mtoto humwambii tu unampenda, kwa kuwa hata simu inaweza kumwambia. Mfungie kamba ya kiatu. Mpoze uji wake. Mchongee penseli, na umngoje pale mlangoni anapotafuta soksi moja saa nzima. Ukimfanyia mzaha, na utamfanyia, kwanza hakikisha kofia yake imemkaa.

Mungu akupe mikono isiyochoka upesi kama yangu, akuhifadhie mdogo wako, na viatu vyake viendelee kutupwa miguuni pako. Amin.