Kitabu Nilichokiponda Kabla ya Kukifungua

Wasomaji wenzangu, bado naona aibu kupita karibu na ukumbi wa parokia. Hapa Mbinga tuna kikundi cha kusoma, na kila Jumapili baada ya misa tunapendekezeana vitabu vya historia. Vyangu haviazimwi na mtu. Vya Dada Editha, muuguzi, hugombewa, na mimi roho huniuma.

Jumapili iliyopita alileta kitabu cha historia ya ngolo, yale mashimo tunayolimia huku milimani. Sikuwa nimekigusa, lakini nikasimama.

"Uongo mtupu! Huyo mwandishi kamhoji nani? Bibi fulani asiyejua hata kushika jembe! Mimi mtoto wa Maguu, kijiji cha ngolo, hanidanganyi mtu."

Nikaketi kwa madaha. Nikajiona nimeshinda.

"Kaka," Editha akasema taratibu, "mimi nilikileta nikijua utafurahi."

Akafungua katikati, akatuonyesha picha ya bibi aliyehojiwa na mwandishi. Alikuwa amesimama shambani, jembe begani, anacheka, amevaa kitenge nilichomnunulia mimi mwenyewe Krismasi.

Mama yangu mzazi.