Vidole Gumba vya Jenerali

Karakanani walimwita Jenerali, naye alijifanya kukasirika. Moyoni jina lilimkaa sawasawa. Mtu mwenyewe hajawahi kushika hata manati, na batabukini wa jirani humtoa mbio kila asubuhi, lakini mtajie vita uone anavyong'aa. Ajabu ni kwamba kazi yake ni kutengeneza miguu ya bandia. Kila siku anashika kwa mikono yake kile ambacho vita vimesaza, na bado hajavikinai.

Mkewe alishachoka naye. Taarifa ya habari ikionyesha vifaru tu, mzee husogeza kiti hadi pua ikaribie kugusa kioo cha televisheni.

"Ukiulizwa utasema unawaonea huruma," mkewe alimwambia jioni moja. "Lakini mwenye huruma hasahau tonge mdomoni hivyo."

Jenerali akacheka, akadhani ni utani.

Ndipo akaja kijana mmoja, koplo aliyerudishwa kwao bila mguu wa kushoto, umekatwa chini ya goti. Alikuwa ameahidiwa kazi kwenye bohari la saruji, mradi tu aweze kusimama. Jenerali akamkalisha kwenye benchi, akamzungushia gutu bendeji yenye plasta mbichi ya kuchukulia umbo la mguu, kisha akakandamiza kwa vidole gumba viwili chini ya pia ya goti. Hapo ndipo uzito wote wa mtu huegemea. Fundi hatakiwi kutikisika mpaka plasta ishike, maana vidole vikihama, mguu mzima umeharibika.

Plasta haijashika, mzee akaanza kumchokonoa. Ilikuwaje huko? Kijana alijibu neno mojamoja, akatazama dirishani, lakini Jenerali si mtu wa kukata tamaa. Mwishowe kijana akasimulia daraja walilopaswa kulivuka, wenzake wawili waliotangulia, na moshi. Akafuta macho kwa kiganja.

"Halafu?" aliuliza Jenerali, mdomo wazi.

Vidole vyake vilikuwa vimeshateleza. Alipoivua plasta aliliona kosa waziwazi, akajiambia si neno, atasawazisha kwa tupa. Jioni akaenda zake nyumbani, akamsimulia mkewe habari za daraja kana kwamba na yeye alikuwepo.

Kijana alikabidhiwa mguu wake, akarudi baada ya wiki kadhaa, na magongo, mguu wa bandia ameufunga kwenye mfuko. Gutu lilikuwa na kidonda kibichi, palepale chini ya goti. Alikuwa amevumilia akidhani ndivyo miguu hiyo inavyouma, hadi akaanguka boharini mbele ya watu, siku ya kwanza ya kazi. Nafasi yake ameshapewa mwingine.

Uso ulimshuka Jenerali. Akasafisha kidonda, akakifunga, akamwambia arudi kikipona. Aliporudi, mzee alikuwa ameshazima redio ya karakana na kufunga mlango. Aliona haya hata kumtazama machoni.

"Mwanangu, kosa ni langu," alimwambia akikandamiza vidole kwenye plasta mpya. "Ile siku sikutulia."

Kijana akakohoa kama mtu anayejiandaa kuhutubia.

"Nianzie pale darajani, Fundi?"

"Kwa nini?"

"Ile siku nilikusimulia kwa mkato. Nikafikiri labda ndiyo maana mguu haukutoka vizuri."

Jenerali alitamani ardhi ipasuke immeze. Kumbe kijana wa watu alidhani hadithi ndiyo malipo, na kwamba alipunjwa mguu kwa sababu alimpunja fundi maneno. Mzee akamwambia asiseme lolote, atulie tu, mguu huu utatoka vizuri. Vidole gumba havikutikisika hata kidogo.

Lakini uso wake aliuinamisha kabisa, kijana asiuone. Maana aliposikia kwamba ile ilikuwa kwa mkato, masikio yalimsimama. Hata sasa, na aibu yake yote, alitaka kujua ni kitu gani kilikuwa kimebaki pale darajani.