Arusi ya Kusikilizwa

Kaze alikuwa na miaka thelathini na minne, na majirani zake wa mtaa wa Batsinda walishachoka kumuuliza ataolewa lini. Alikulia Bujumbura, akaja Kigali na cherehani moja, na sasa alikuwa na duka la mapazia karibu na makutano ya Sonatubes. Alikutana na Hirwa mtaa wa Kinyinya, kwenye nyumba mpya aliyokwenda kupima madirisha. Hirwa, fundi umeme aliyekulia Uganda, alikuwa juu ya ngazi. Akamwomba amshikie waya, na mazungumzo yao hayakukatika tena.

Miezi miwili kabla ya arusi walikwenda kwa Bertrand, mpiga video. Bertrand akawawashia kompyuta.

"Iko namna mbili," akasema. "Ya kwanza ni kama sinema. Droni, mwendo wa polepole, muziki. Dakika sita tu, na watu wanalia. Ya pili ni ile ndefu ya zamani, kila kitu kama kilivyo. Hiyo siku hizi watu hawaitaki."

Hirwa alikuwa ameshachagua. "Ya droni," akasema, macho yakimng'aa.

Kaze naye alivutwa na shela iliyopepea juu ya kilima. Kisha ikaja sehemu ya gusaba, ile sherehe ambapo wazee wa pande mbili hurushiana maneno ya utani kabla binti hajatolewa. Mzee mmoja alinyoosha fimbo, akasema jambo, ukumbi mzima ukapasuka kwa kicheko. Kilichosikika ni piano.

"Anasema nini hapo?" Kaze akauliza.

"Sikumbuki, dada. Sauti tuliitoa, ilikuwa inaharibu muziki."

Kaze akachukua mkoba wake. Walipotoka nje ndipo alipomwambia Hirwa kilichomsumbua. Mama yake, Mukunde, alikuwa Bujumbura. Mpaka wa Burundi na Rwanda ulikuwa umefungwa, na safari ya kuzungukia nchi nyingine mzee yule asingeiweza. Ndugu wote walimwahidi kumpelekea video, naye aliitikia tu, "Haya, wanangu." Hakuna aliyekumbuka kwamba macho ya Mukunde yalizimika miaka mitano iliyopita.

"Atapelekewa piano, Hirwa. Dakika sita za piano."

"Wazazi wangu walioana kwenye kambi ya wakimbizi," Hirwa akasema. "Hawana hata picha moja. Nilitaka yetu iwe nzuri, mtu akiiona ashangae."

Waliagana bila kukubaliana, kila mmoja akapanda pikipiki yake.

Kesho yake asubuhi Hirwa aliingia dukani na vumbi la Kinyinya kwenye viatu, akakaa juu ya jora la kitambaa. "Nimefumba macho usiku nikajaribu kuisikiliza ile video aliyonitumia Bertrand," akasema. "Hamna kitu mle ndani. Tuchukue ile ndefu. Vipaza sauti nitavitega mimi mwenyewe."

Bertrand alicheka kwanza. Halafu alipoelezwa habari za Mukunde akavuta kiti, akaanza kuchora. Kipaza sauti kimoja madhabahuni, kingine kwa wazee, kingine kwa mtu atakayeghani sifa za ng'ombe wa mahari. "Na kimoja tumvalishe mtu anayeona," akasema, "amsimulie mama."

Kazi hiyo akapewa Natacha, mdogo wake Kaze, ambaye tangu utoto hakuwahi kushindwa kusema. Siku ya arusi alikaa safu ya pili akinong'ona kwenye kola yake: "Mama, sasa Kaze anaingia. Amevaa mushanana wa rangi ya maziwa, begani umekaa sawasawa. Anatembea kama wewe. Hirwa anajifuta jasho. Shangazi amevaa viatu vinavyombana, mama, ungemwona!"

Binamu mmoja aliyezungukia mbali alifikisha video Bujumbura baada ya wiki tatu. Siku mbili kukawa kimya, Kaze akishona na kufumua pindo lile lile. Siku ya tatu simu ikaita.

"Nimeisikiliza yote mara mbili," Mukunde akasema, na sauti yake ilikuwa na ujana ndani yake. "Yule mzee wa kwao anajua kuposa, nimecheka hadi jirani kaja. Na mumeo sauti ilimtetemeka kanisani. Hapo nililia, mwanangu. Nilikuwepo."

Kaze akampa Hirwa simu.

"Mama, shikamoo. Na ng'ombe wetu uliwasikia?"

"Marahaba, baba. Niliwasikia vizuri. Mmoja alikuwa anakohoa. Mwiteni daktari wa mifugo amtazame."

Hirwa alicheka mpaka akakaa chini. Jioni ile ile akampigia simu daktari, naye akaenda kuwatazama, na kweli, mmoja wa ng'ombe alikuwa na mafua.