Bahari Haina Wingu la Kukuonya

Msomaji wangu, hili nakuambia wewe kama ninavyomwambia mwenzangu tukitoka kanisani, maana wengine watanicheka.

Binti yangu anasomea ufundi wa umeme. Chuo kiliwatuma Tanga kupima kama maji ya bahari, yakijaa na kupwa, yanaweza kuzungusha mtambo. Sisi Lushoto umeme wa maji tunaujua. Kijito chetu kina mtambo mdogo, mvua zikikatika na taa zinakufa. Yeye anasema bahari haingoji mvua. Hata mwalimu wetu wa masomo ya jioni alishatufundisha kuwa bahari inavutwa na mwezi. Niliandika, ila moyoni sikukubali.

Nikateremka kumsalimia. Nilikuta maji yamekupwa mbali, mchanga mtupu. Mwenzake wa kupima naye alikuwa anaumwa, basi binti akaniomba nimsindikize hadi kwenye nguzo ya kupimia, kule mbele karibu na mkondo. Yeye apime, mimi nishike kamba ya kifaa na kuangalia maji.

Sasa, kwetu mkienda kufua mtoni, mmoja anawekwa kutazama juu mlimani. Kukiwa na wingu zito mnatoka, maji yatashuka. Kukiwa kweupe mnafua mpaka mmalize. Na mimi nikageukia milima yetu, inaonekana kwa mbali. Hakuna wingu.

"Maliza taratibu mwanangu, kweupe."

Naye mtoto wa mlimani, akatazama kulekule, akaendelea kupima.

Nilipogeuka, nyayo zetu hazipo. Kati yetu na nchi kavu maji yanakwenda kama mto, ila yanapanda. Maji ya kwetu yakija yananguruma, yanabeba magogo, unayasikia. Haya yalikuja kimya. Yakafika magotini, yakafika mapajani. Binti akaniita kwa Kishambaa, na huwa anakiacha nyumbani. Hatujui kuogelea, si yeye si mimi. Nikaifunga ile kamba kiunoni kwangu, ncha nyingine kiunoni kwake, nikawa nasema tu, Bwana, usituache.

Mama mmoja aliyekuwa anaokota chaza akatuona, akaja anapasua maji.

"Nyie wa mlimani, mnamtazama nani huko juu? Leo bamvua."

Ndiyo siku za mwezi mpevu au mwandamo, maji yanapojaa kupita kawaida. Binti alilisoma darasani, lakini siku zote alizopima yalikuwa yanakuja polepole. Yule mama akatupitisha kwenye mgongo wa mchanga, maji kifuani, mimi nimeng'ang'ania kanga yake.

Jioni binti akasema nguvu ya maji ameiona. Ila siku za maji mafu, bahari inapojaa kidogo tu, mtambo utasinzia, na chumvi inakula chuma. Kama umeme huo utafaa, hajui bado, lazima arudi apime. Nilitaka kumwambia tufunge mizigo. Badala yake nikaomba.

Kesho yake akaingia tena, yule mama ndiye mwangalizi. Mimi nilipiga magoti mchangani, sikuinuka mpaka wametoka. Mpaka leo akinipigia simu nikasikia upepo nyuma yake, naomba kwanza ndipo namjibu.

Basi, ukimjua mzazi wa huku milimani ambaye mtoto wake ameitwa kwenye kazi hii ya bahari, msimulie. Mwambie asimfundishe kutazama mawingu. Amwambie aulize wanawake wa pwani kwanza kama leo ni bamvua, ndipo akanyage mchanga.