Kimya cha Tarumbeta

Dada yangu tunamwita Tarumbeta, na jina hilo alilipata kabla hajanunua vile vidude vya masikioni. Baada ya kuvinunua, hata tarumbeta lenyewe lingemwomba apunguze.

Kazi yake ni kupokea simu za watu waliokatikiwa na maji. Anazipokelea chumbani kwake, kitanda kikiwa kiti na ubao wa kupigia pasi ukiwa meza, kwa sababu ana mtoto ambaye bado ananyonya. Sebuleni mama yetu anashona, na mtoto anatambaa kati ya vitambaa. Chumba cha tatu ni changu. Mimi ni mwoka mikate. Usiku nakanda unga, mchana natakiwa kulala. Natakiwa, nasema.

Tulikuwa na utaratibu wetu. Simu ikiingia, Tarumbeta anagonga ukuta, mama anaondoa mguu kwenye cherehani na kumpa mtoto kijiko atafune. Simu ikiisha anagonga tena, cherehani inaendelea. Tatizo ni kwamba mama akishika suruali za jinzi husahau dunia, na wateja wakaanza kuuliza kama ofisi ya maji imehamia kwenye mashine ya kusaga. Msimamizi akamwonya dada: lalamiko jingine moja tu la kelele, atarudi kukaa ofisini asubuhi hadi jioni, na habari za kunyonyesha atajua mwenyewe.

Ndipo akaenda kununua vipokea sauti vipya visivyo na waya, toleo lililoboreshwa, eti vinaua kelele. Vile vya zamani, ambavyo kimoja kilikuwa kinakoroma, akavitupa kwenye droo.

Siku ya kuvijaribu, ndiyo kwanza nilikuwa nimepata usingizi.

"NDIYO MZEE, NIMEKUELEWA! MITA YAKO IKO NYUMA YA BANDA!"

Nikagonga ukuta. Wapi! Alikuwa hajisikii hata yeye mwenyewe. Kisha nikagundua jambo baya zaidi: yeye naye hakuwa anagonga. Simu zinaingia, simu zinatoka, na cherehani inanguruma tu, kwa kuwa mama anangoja kugongewa. Masikioni mwa Tarumbeta kulikuwa kimya, basi akaamini na wateja wako kwenye kimya hichohicho. Ni kama mtoto anayejificha kwa kufumba macho.

Mama akasimama mlangoni kwake. "Mwanangu, nimpe uji au utamnyonyesha?"

Tarumbeta akainua dole gumba.

"Dole gumba ndiyo nini? Uji au ziwa?"

Dole gumba tena, na tabasamu juu. Mama akarudi kwenye cherehani akisonya. "Nimezaa mtu, kageuka kibao cha barabarani."

Nikajifunika mto kichwani. Mimi si mvumilivu, na sitaki kusingiziwa.

Alasiri yakanifika shingoni. Niliingia chumbani kwake, nikamchomoa kidude kimoja na kukitia sikioni mwangu, nimjue huyo anayestahili kupigiwa makelele namna ile. Alikuwa msimamizi.

"Nakuuliza tena. Hapo nyumbani kuna kelele?"

"HAPANA, BOSI! HATA INZI HASIKIKI!"

Sebuleni cherehani ilikuwa inapanda mshono wa jinzi. Nilimkanyaga dada mguu.

"Sawa," alisema msimamizi. "Sikiliza simu ya yule bibi wa asubuhi. Tumeirekodi."

Ikaja sauti ya dada akimwelekeza mtu kufunga koki, na nyuma yake cherehani, wazi kabisa. Tarumbeta akanitazama. Uso ulimsawajika, nami nikajua kazi ya kufanyia nyumbani ndiyo imekwisha. Halafu humo kwenye rekodi cherehani ikatulia kidogo, labda mama alikuwa anabadilisha uzi. Hapo, kama inatoka chini, mlangoni, sauti ndogo ikasema, "Mama." Ikangoja. "Mama. Mama."

Na dada yangu, kwenye rekodi, akaendelea: "ZUNGUSHA KUSHOTO, BIBI!"

Mtoto yule hakuwa amewahi kusema neno lolote.

"Bibi amepiga tena kulalamika," alisema msimamizi. "Hajalalamikia kelele. Anasema kuna mtoto anaita mama na hakuna anayemwitikia. Kwa hiyo lalamiko la kelele sijaandika. Usinifanye nijute."

Dada hakushukuru. Alisema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "Naomba uirudie, bosi. Pale kwa mtoto."

Sasa vidude vipya ndivyo viko kwenye droo. Vya zamani vinakoroma, ukuta unagongwa, na mlango wa chumba chake uko wazi kutwa. Usingizi ndio nimeusahau, maana mtoto akitoa mlio wowote, Tarumbeta anaruka kitandani.

"Nyamazeni! Amesema?"

"Amecheua," mama anajibu.

Cherehani haiendelei papo hapo, lakini. Mama anabaki ameinua mguu, anasikiliza. Nami huku chumbani najikuta nimeutoa mto kichwani.