Langoni Hamna Mtu

Mwanamume mwenye ndevu zilizoingia mvi akisimama dukani kununua kadi za wachezaji wa mpira, lazima awe na mtoto. Mimi sina mtoto wa umri huo. Mabinti zangu wote wawili wameshaolewa. Kwa hiyo nilimzua mmoja, pale pale kaunta, siku mwenye duka aliponiuliza namnunulia nani.

"Kijana wangu," nikasema.

Tangu hapo ikawa kazi kumlea. Mwenye duka, Mhindi mpole ambaye hata babu yake alizaliwa hapa hapa Malindi, hanipi pakiti bila kumuulizia. Kijana hajambo? Hajambo. Mara nimtie homa, mara nimpeleke kwenye mitihani. Nami huku nazipapasa pakiti moja moja kwa kidole gumba, nikiamini nitaitambua kadi ya kung'aa kwa unene wake. Sijapata kuitambua hata siku moja, na bado napapasa.

Nilikuwa na kikosi kizima cha timu niipendayo, isipokuwa golikipa. Kadi zenyewe nilizificha ndani ya bati la biskuti lenye kifuniko cha kukaza, nikalizamisha sandukuni chini ya kanzu za Idi. Mke wangu ni mtu wa heshima zake. Majirani wakigombana huja kwake kuamuliwa. Niliogopa, tena niliogopa kwelikweli, asije akagundua kwamba miaka yote hii ameolewa na mtoto.

Mwenzangu katika upuuzi huu ni mtu mzima kama mimi, anafanya kazi ya chumvi kule Gongoni. Akija mjini hukutana nami kwenye baraza ya duka, tukabadilishana zile tulizo nazo mbili mbili. Alhamisi moja alizipokea kadi zangu, akazinusa, akazinusa tena.

"Ndugu yangu, mbona zanukia kama chumba cha bibi harusi?"

"Ni zile nguo. Mke wangu hufukiza udi kila Alhamisi."

"Si waniambia ziko ndani ya bati, na bati limekazwa?"

Nikazinusa mwenyewe, nisisikie kitu. Nyumbani kwetu hakuna kisichonukia udi, kuanzia mito mpaka mapazia, na pua yangu iliacha zamani kuusikia. Ilibidi atoke mtu Gongoni kunijulisha kwamba bati langu hufunguliwa, kadi zikatolewa, zikafukizwa, zikarudishwa mahali pake.

Nilirudi nyumbani. Nikamkuta mke wangu na chetezo chake, kanzu yangu imetandazwa juu ya tenga, moshi wapanda. Pembeni, kwenye mkeka, bati liko wazi na wachezaji wangu wamepangwa wakingoja zamu yao.

"Kumbe wajua," nikasema.

"Zilikuwa zanuka uvundo. Ukifa leo, watu waje wafungue lile bati, si watauliza mkewe alikuwa wapi?" Akaziinamia kadi. "Lakini bwana, timu yote hii, langoni hamna mtu?"

Niliona haya, kisha nikafurahi mpaka nikakaa chini. Nikamweleza habari za golikipa kwa kirefu, naye akanisikiliza vile vile anavyosikiliza kesi za majirani, bila kucheka.

Kesho yake asubuhi tukaenda dukani pamoja. Alizipapasa pakiti haraka haraka kama anayechagua nyanya, akatoa moja. Golikipa hakuwamo, niseme mapema. Mwenye duka alifurahi kumwona.

"Karibu, mama. Na kijana hajambo?"

Nikatazama dari. Habari za kijana nilikuwa sijamwambia. Mke wangu alinigeukia, akanitazama polepole kuanzia kofia mpaka ndara.

"Hajambo, alhamdulillahi," akamjibu. "Ila hakui."